Filamu ya Nahodha Tumeimaliza Bila Wewe

Kwako Baba Furaha, mume wangu, popote ulipo,

Leo ni Jumapili, tumetoka misa, na nimekaa kwenye ile kona ya kochi uliyokuwa ukinifukuza kila wiki kwa madai kwamba ni hapo peke yake televisheni inaonekana vizuri. Nimeijaribu. Ulikuwa unadanganya, inaonekana vilevile. Nakaa hapa siku hizi kwa sababu hakuna wa kunisukuma, na ningetoa chochote nisukumwe.

Nina neno la kukuambia. Yaya yako Anselme, kaka yako mkubwa, amekuja kutoka Nyankunde pamoja na wakubwa wengine wa ukoo. Wanataka Jumamosi inayokuja tufanye kilio chako, tukae chini, tuimbe, tukuage kama mtu aliyekufa, ingawa hakuna aliyeuona mwili wako. Walikuja kusikia kutoka kwangu: ndiyo au hapana. Nitakuambia nimejibu nini, lakini si sasa hivi. Unanijua, siwezi kufika kwenye jambo bila kupita kwa jirani kwanza.

Watu wa mtaa wetu wa Shari, hapa Bunia, wanakukumbuka kama fundi wa televisheni. Mimi nakukumbuka kama mtu aliyekuwa haoni haya kukaa na televisheni za watu. Unaitengeneza Alhamisi, inapona, na mwenyewe unamwambia arudi Jumatatu, eti lazima uijaribu kwanza. Kuijaribu maana yake ilikuwa kwamba Jumapili mchana sisi tutaangalia filamu kwenye kioo kikubwa cha mtu mwingine, na majirani wamejaa mpaka mlangoni.

Tulikuwa tunapenda za zamani, wewe na mimi, zile za safari na hatari: watu wanavuka jangwa kutafuta hazina, watu wanapigana kwa panga juu ya paa, meli zinawaka moto baharini. Vijana wa mtaa walitucheka. Wao walitaka zile mpya zenye magari na bunduki. Ukawa unawajibu kwamba bunduki za bure tunazo hapa hapa Ituri, hatuhitaji kuziwashia jenereta.

Ndivyo tulivyompata Zakayo, fundi cherehani. Alikuja Jumapili moja amekaza uso, akasimama mlangoni. "Miye nilikuya kukamata televizyo yangu." Hukugeuza hata shingo. "Ikala kwanza, muzee, iko inaisha." Haikuwa inaisha, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Akakaa ukingoni mwa kiti, kofia bado kichwani, na baada ya muda nikamsikia anauliza polepole: "Na ule mwenye ndevu, ni mubaya ao ni muzuri?" Televisheni yake aliichukua wiki hiyo. Yeye mwenyewe hakutoka tena nyumbani kwetu.

Na kulikuwa na ile sheria yako. Filamu ikikaribia kuisha, pale ambapo akteri, yule shujaa wetu, amezungukwa pande zote na roho za watu ziko juu, wewe unaisimamisha. Kioo kinaganda. Mtu ameinua upanga, farasi yuko hewani. "Bon," unasema, telekomande umeificha nyuma ya mgongo, "kila mutu aseme yake." Hakuna aliyeruhusiwa kuona mwisho mpaka kila aliyemo chumbani ameeleza filamu itaishaje, na kwa nini. Binti yetu Furaha, akiwa mdogo, kila mara alijibu kwamba wote watapewa chakula. Zakayo alikuwa anaangalia nguo tu. Aliyevaa vizuri kuliko wenzake ndiye atakayepona, alisema, kwa sababu hakuna fundi anayepoteza kitambaa kama kile kwa mtu wa kufa. Anselme, akiwa amekuja mjini, alikuwa anasimama na kuhutubia. Mimi nilikuwa nabishana na wewe. Chai inapoa, mihogo inaisha kwenye sahani, na farasi bado yuko hewani.

Lakini hakuna filamu iliyotugombanisha kama ile ya nahodha. Meli yake imepotea, anatangatanga visiwani, na nyumbani mke wake anapanda mlimani kila jioni kuwasha moto ili meli iuone. Anakuja mfanyabiashara tajiri kumposa. Wazee wa mji wanamwambia yule mwanamke akubali, mume wake amekwisha kufa. Ukaisimamisha hapo hapo, yeye ameshika kijinga cha moto mkononi.

Nikasema akteri wa filamu hii ni mwanamke. Ukacheka kwa dharau.

"Mama Furaha, akteri njo ule iko ku poshete," ukaniambia, ukinionyesha jalada la diski, nahodha na kifua wazi.

"Na kuni?" nikakuuliza. "Kuni za ule moto wa kila siku, nani anazikata? Tuliona nani anazikata?"

Zakayo akapiga makofi. Ukasema mambo ya kuni si mambo ya filamu. Nikasema basi aliyeitengeneza hajawahi kuwasha moto maisha yake yote.

"Atarudia kwake," ukasema. "Akteri haezi kukufa ku bahari."

"Arudie, asirudie, miye nauliza juu ya ule bibi!"

Tukaendelea hivyo, sauti juu, kila mtu ana upande wake, mpaka esansi ya jenereta ikaisha na kioo kikazimika. Tulibaki tunaangaliana. Ulikuwa umesimamisha filamu kwa muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, na wewe ukajifanya unakagua waya, eti jenereta ina ugonjwa. Kesho yake mwenye diski akaja kuichukua, akahama nayo kwenda Beni, na ugomvi ukabaki kwetu. Miaka mingi baadaye, mtu akikosa la kusema mezani, mwingine alikuwa anauliza tu kuni nani anakata, na vita vinaanza upya.

Siku uliyoondoka ilikuwa siku ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi. Mwenye duka fulani huko Iga Barrière alikuwa na televisheni isiyotaka kuwaka, na wewe ukachukua mfuko wako wa vifaa, ukapanda pikipiki ya taksi. Ulikuwa umekwisha kukaa nyuma ya dereva ulipogeuka ukaniambia: "Usiache Zakayo achague filme ya Dimanche." Filamu ya Jumapili! Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyonayo. Nimeyageuza kila upande, hayana kitu ndani.

Mchana tukasikia barabara imeharibika, wenye bunduki wako njiani. Kabla jua halijashuka watu walikuwa wanaingia mjini na magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi kwenye kamba. Nilisimama kando ya njia nikiangalia nyuso. Niliangalia mpaka nikawa siwezi tena kutofautisha uso na uso. Kisha zikaja habari, kila mtu na yake. Mmoja alikuona kambini, umekonda. Mwingine alisema ulivuka ziwa kwenda Uganda pamoja na kundi la watu. Mwingine alinishauri nisitafute tena, akatazama pembeni alipokuwa akisema. Nilikwenda kambi moja baada ya nyingine, nikauliza hospitalini, nikauliza kwa mapadre. Furaha alikuwa bado sekondari wakati ule. Sasa anafundisha watoto shule ya msingi, na ana sauti ya kuamrisha kama yako.

Jumapili ziliendelea. Mwanzoni walikuja kunifariji, wakakaa kimya na vikombe mkononi, mpaka Zakayo mwenyewe akaniomba niweke filamu, yoyote, asisikie tena ule ukimya. Nikaweka. Ilipofika pale pa kusimamisha, hakuna aliyenyoosha mkono. Telekomande ilikuwa juu ya meza, mbele ya wote, tukaiangalia, na filamu ikapita moja kwa moja mpaka mwisho. Sikujua kwamba filamu ni fupi namna ile. Watu waliaga mapema, na nikabaki na mchana mrefu nisiojua la kuufanya.

Mwezi uliopita Furaha aliipata filamu ya nahodha kwenye simu, nzima, na mwisho wake. Alikuja mbio sokoni kunionyesha, vitenge vyangu nikaviacha vimetandazwa. Nilitaka kukataa. Niliona ni kama kula chakula ulichowekewa wewe. Lakini Furaha alikuwa na uso ule wa utoto, na Zakayo alipopata habari alifunga cherehani yake katikati ya kazi, basi tukakaa watatu kwenye kochi hili na simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai.

Sikia basi. Ulishinda. Nahodha anarudi. Anafika siku ile ile ya harusi, anamtupa mfanyabiashara majini, anamkumbatia mke wake, muziki unapanda, imekwisha. Mtu ametoka kupotea baharini, na shati lake limepigwa pasi. Zakayo alikasirishwa na hilo shati kuliko jambo lolote. Furaha alilia. Mimi nilikuwa bado nangoja mtu mmoja tu mle ndani amuulize yule mwanamke alikuwa anaishije miaka yote ile, na hakuna aliyemuuliza. Kisha nikageuka upande wako ili nikiri mbele ya watu kwamba ulikuwa na haki, nikakuta ukuta.

Baba Furaha, nilitaka unicheke. Nilitaka uinuke utambe, uzunguke chumba na mikono juu, utuchoshe wiki nzima na ushindi wako. Nimekukosa kitandani, nimekukosa Krismasi, nimekukosa kila mvua inapovuja juu ya kabati na hakuna wa kupanda kwenye mabati. Lakini sijawahi kukukosa kama siku ile, nilipokuwa nimeshindwa, na wewe hupo.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Furaha amepata mchumba, kijana muuguzi, mtu wa adabu, anacheka kwa urahisi. Ungemsumbua kidogo kisha ungempenda. Familia yake wamebisha hodi na wanataka kuleta mali ya mahari, ng'ombe na mengine, kama inavyotakiwa. Ndiyo sababu ya Anselme kufunga safari. Alikaa hapa, kofia juu ya goti, akaongea akiangalia chini.

"Mama Furaha, miye na ule mutu tulitoka tumbo moja. Siko naharakisha kumuzika. Lakini mali ya mutoto tutaipokea namna gani? Baba yake hatuna hakika alikufa, na kurudia harudie. Tukiipokea hivi, ni kama tunamuruka. Tumulilie kwanza, kisha mutoto aolewe."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa sababu ana sauti yako. Nikamwomba anipe siku chache. Furaha alikuwa jikoni anaosha vyombo, amesikia yote. Nilipoingia hakugeuka.

"Mama, kama ndoa inaomba papa akufe, niache tu hapa kwetu. Tutamungojea siye wawili."

Aliisuuza sahani ile ile mara mbili, tatu. Nikaangalia mgongo wake, ameuinamisha kama mimi ninavyouinamisha, na hofu ikanishika. Miaka hii yote nimejiona mwanamke shupavu kwa kukungoja. Sikuwa nimemwona mtoto wetu amesimama nyuma yangu, anajifunza kazi hiyo hiyo. Kazi ya kungoja nimeichagua mwenyewe, na sijuti hata siku moja. Kwake siitaki.

Nimewaambia ndiyo.

Nimelisema mbele ya Anselme, na nililisema wima, kisha nikaenda chumbani nikauma shuka. Usinielewe vibaya. Sijasema umekufa, kwa sababu sijui. Nimesema tu kwamba mtoto wetu aolewe, apokelewe mali yake na baba zake wadogo na wakubwa, atoke hapa kichwa juu. Zakayo ananishonea nguo nyeusi. Alikuja kunipima akakosea, akapima tena akakosea, mwisho nikamshikia utepe mimi mwenyewe, tukalia wote wawili kama watoto, tumeshika utepe pamoja.

Furaha ataiingiza barua hii kwenye simu, itembee, ndiyo maana nimeiandika wazi na sina aibu ya lolote nililosema. Waisome madereva wa barabara zote, waisome kambini, waisome ng'ambo ya ziwa. Ewe unayeisoma, kama karibu nawe kuna fundi wa televisheni, mtu wa Bunia, mwenye kovu la kuungua kwenye kidole gumba cha kulia na maneno mengi mdomoni, mpelekee simu yako aone.

Una mpaka Jumamosi, Baba Furaha. Na ukisikia kwamba tulikulilia, usiogope, usidhani tulikufungia nje. Njoo Jumapili. Njoo mwaka ujao, njoo nikiwa bibi kizee nisiye na jino. Nitaivua hiyo nguo nyeusi palepale mlangoni, na watu wote waone.

Mke wako,
Mama Furaha