Nyama Iliyoachwa Porini

Kintinku, Manyoni

Kwa Baba yangu Msengi,

Shikamoo baba. Nakuamkia wewe na mama, na kuuliza mmeamkaje huko Nduguti: kifua cha mama kimetulia, mvua imeshuka, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umejaa, na leo nitaumwaga hapa. Univumilie.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Kiula, yule mwenzetu anayefanya kazi ya reli. Unasema jumbe ametangaza kwamba wawindaji wa Serikali watakuja kwenu kuua wanyama wa porini ili mbung'o wafe kwa kukosa damu, na kwamba wazee mmefurahi. Siwalaumu. Mbung'o walitumalizia ng'ombe, nami ndiye niliyemchuna yule mwekundu wa mama. Lakini kabla hujaitikia barazani, sikia niliyoyaona, maana kazi hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa nikiifanya huku.

Wawindaji hutangulia na bunduki, sisi vibarua tunafuata nyuma. Kila mnyama anayenyonywa na mbung'o anapigwa: tandala, pongo, ngiri, nyati, hata jike lenye mimba. Mimi nilikuwa nakata mkia na kuupeleka kwa Bwana Nyama, yule Mzungu mwenye kambi, ajue kilichouawa. Nyama inaachwa pale pale. Ni amri. Anasema watu wakigawiwa wataifuata kambi badala ya kulima. Walime nini, baba? Mwaka huu uwele umekauka ukiwa magotini, na watu wa huku wanakula mlenda mtupu na unga wa ubuyu. Halafu upepo ukigeuka wanaletewa harufu ya nyama inayooza.

Karibu na kambi anakaa mjane wa Kigogo, Mama Chibago. Alikuwa akituuzia maziwa mpaka ng'ombe wake alipokauka. Siku moja alitukuta tumeangusha tandala dume, akamwomba nyapara wetu paja moja kwa ajili ya wajukuu. Nyapara alimkatalia huku ametazama chini. Tulipoondoka, mama yule akakata paja la tandala akajitwisha. Tarishi wa baraza akakutana naye njiani, akamkamata.

Siku ya shauri niliitwa kuwa shahidi. Jumbe wa huku alimwuliza kwa nini ameiba. Mama Chibago hakulia wala hakupiga magoti.

"Nyama iliyotupwa ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya Serikali."

"Basi waleteni na fisi hapa barazani, maana wao wamekula nyingi kuliko mimi."

Watu walicheka, jumbe hakucheka. Nami nilisema niliyoyajua, kwamba nyama ile iliachiwa tai na hakuna ambaye angerudi kuichukua. Haikusaidia kitu. Walimchukulia mbuzi kuwa faini, yule ambaye maziwa yake aliwakamulia wajukuu. Nilipomwona mbuzi anavutwa kwa kamba, niliona haya kuvaa kisu cha Serikali kiunoni.

Na kuhusu fisi, mama yule hakuwa anatania. Zamani walisikika mmoja mmoja, mbali. Nyama ilipozagaa kote walikusanyika, wakanenepa, wakazaa. Kisha wanyama wa karibu wakaisha, wawindaji wakasogea mbele, fisi wakabaki na njaa. Waende wapi? Wameingia kwenye mazizi. Wamemaliza mbuzi wa nyumba tatu za tembe, na mchungaji mmoja aliyelala mlangoni wamemrarua mguu. Bado yuko hospitali.

Na mbung'o hawajaondoka! Hilo ndilo linaloniunguza. Ngiri wengine wamejificha mashimoni, na mbung'o waliokosa tandala wanafuata watu na ng'ombe wachache waliobaki. Mama Chibago alinionyesha bonde alikozaliwa. Lilikuwa mashamba matupu, watu wanafyeka, mbuzi wanakula machipukizi, majani yanachomwa kwa wakati wake, na mbung'o hawakujulikana pale. Kisha Serikali ikawahamishia watu karibu na reli ili iwapate kwa urahisi. Vichaka vikarudi, mbung'o wakaja navyo. Leo anayelaumiwa ni tandala.

Wiki iliyopita wanawake wa kijiji walikuja porini mchana kweupe, wazee kwa vijana, na visu na vikapu, Mama Chibago mbele. Walianza kukata nyama mbele ya tarishi, naye akabaki amesimama, kwani angemkamata nani amwache nani? Bwana Nyama akaniita, akaniamuru niwaambie waache.

"Bwana," nikasema, "maneno hayo mimi siwezi kuwaambia."

Akasema amri haikutoka kwake, imetoka juu. Nikamjibu kwamba njaa nayo haikutoka kwa wanawake hawa. Akanyoosha mkono nimpe kisu, akanifukuza kazi pale pale. Nilimpa, kisha nikaenda kumtwisha kikapu mama mmoja mwenye mimba kubwa. Tangu siku hiyo amri haijafutwa, ila hakuna anayekamatwa. Mbuzi wa Mama Chibago hajarudishwa.

Kwa hiyo, baba, wakija kwenu na bunduki zao, waulizeni kwanza nyama italiwa na nani, na fisi watafukuzwa na nani. Waambieni watu wa Nduguti wanataka mashoka, na ruhusa ya kulima tena bondeni kwetu, kule Serikali ilikowakataza. Pori linalolimwa halina mbung'o. Wewe ulilijua hilo kabla mimi sijazaliwa, lakini barazani lazima lisemwe kwa sauti.

Nisalimie mama, na dada yangu mkubwa Marita aliyeolewa Kiomboi. Mke wangu Rebeka mwambie narudi bila kazi, ila narudi na akili zangu. Na mwalimu wa kanisa anayekusomea barua hii nampa salamu, namwomba asiruke neno.

Kesho kutwa naanza safari kwa miguu. Ongezeni miiba kwenye zizi, na mkiitwa barazani msiitikie lolote mpaka nifike.

Ni mimi mwanao,
Danieli