Duka Lisilo na Kaunta

Jumatatu, 3 Februari 1992
Nimemwagia maji mbele ya duka, vumbi limetulia kidogo. Upepo wa hapa Same hauna adabu. Elinami amerudi kutoka Dar. Ameona duka kubwa huko: mteja anaingia, anajichukulia, analipia mlangoni. Anataka duka la mama yake liwe vilevile. Mama Elinami amekubali, kwa furaha ya kumwona mwanetu. Mimi nina shaka. Duka hili ndilo linalotulisha. Pensheni yangu ya ualimu haitoshi hata mafuta ya taa.

Alhamisi, 6 Februari
Kaunta imevunjwa, mbao zake zimekuwa rafu. Sukari yote imefungwa kilo kilo kwenye mifuko ya nailoni, midomo imechomwa kwa mshumaa. Mizani iko uvunguni mwa kitanda chetu. Nimejikwaa nayo mara mbili.

Jumapili, 9 Februari
Tumefungua. Watu walivua kandambili mlangoni kama wanaingia kwa mkuu wa wilaya. Mfugaji mmoja alisimama katikati, akauliza mwenye duka yuko wapi. Elinami alikuwa mlangoni na kopo la fedha, walimdhani askari. Wengi walitaka sukari ya chai ya jioni tu. Mama mmoja aliugeuzageuza mfuko. "Na nyongeza yangu mtaipitishia wapi?" Wakacheka. Elinami hakucheka.
Nyongeza ni kile kijiko muuzaji anachoongeza baada ya mizani kutulia. Hakimfilisi mtu. Mteja huondoka akijua ametambuliwa.

Jumatano, 12 Februari
Siku mbaya. Elinami amebandika tangazo: MIZIGO IACHWE HAPA. Kalinakili kutoka Dar neno kwa neno. Bibi Nanzia ameshuka kutoka Vudee, kijijini kwetu mlimani, na kikapu chake. Ni mteja wetu tangu duka lianze.
"Shikamoo bibi. Kikapu kiache hapa."
"Marahaba. Kwani kinanuka?"
"Ndio utaratibu, bibi. Hata Dar wanafanya hivyo."
"Dar wananijua? Wewe nimekubeba mgongoni, leo unanipekua!"
Akavuka barabara, akaingia duka la jirani. Waliokuwa ndani wakamfuata. Nimeona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Jumatatu, 17 Februari
Duka tupu. Mama Elinami anafuta vumbi kwenye mifuko isiyonunuliwa. Miaka ile ya foleni tulikosa bidhaa. Sasa biashara ni ruksa, bidhaa zimejaa, tumekosa watu.
Nimemweleza Elinami wakati wa chakula. Wenye duka la Dar wameondoa kaunta kwa sababu wateja wao ni wengi, hawajulikani, wana haraka, na wana gari la kubebea mahitaji ya wiki nzima. Wetu wanatembea kwa miguu na wananunua ya leo. Wanataka kuulizwa habari za mgonjwa nyumbani. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote: anayenakili huandika jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.
"Baba, watazoea."
"Wanalizoea duka la jirani."
Hakumaliza ugali.

Ijumaa, 21 Februari
Mama Elinami amesema mwezi ukiisha hivi atafunga, arudi kulima Vudee. Magoti yake hayapandi mlima tena, naye anajua. Alisema bila hasira, na hilo limeniumiza zaidi. Elinami alikuwa uani. Amesikia.

Jumapili, 23 Februari
Elinami amepanda Vudee alfajiri. Hakuniaga. Amerudi jioni, tope hadi magotini, viganja vimechubuka. Bibi Nanzia kamlimisha kwanza, ndipo akamsikiliza akiomba radhi. Amemjibu nini, sijui. Sikuuliza. Kijana amenawa, akaenda kubandua tangazo, kisha akaanza kugongelea mbao.

Jumanne, 25 Februari
Kaunta ipo, fupi na imepinda. Rafu moja tumeiacha ya sabuni, wasichana wanapenda kuzinusa kabla ya kuchagua. Mifuko mingine ya sukari imefunguliwa, mizani imetoka uvunguni.
Saa nne amekuja Bibi Nanzia na jirani zake wawili. Elinami ametoa benchi nje kivulini bila kuambiwa. Wameongea Chasu, Kipare chetu, mpaka jua likawa kali: mvua, ndoa ya fulani, mbuzi waliopotea. Hawakununua kitu, wala hawakuvuka barabara kwenda kwa jirani. Vikapu vyao walivipakata muda wote. Elinami alisimama akiwasikiliza, mara moja akaulizwa lini ataoa.
Walipoondoka Mama Elinami aliingia ndani kupika. Nimemsikia akiimba, kwa sauti ya chini.