Ngozi ya Gari la Mwingereza

Alhamisi, Julai 1978. Kawangware.

Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kugandisha vidole. Lakini leo sitetemeki kwa baridi. Naogopa.

Bandani mna magari mawili ya mbio ya Mzee Karanja, mwenye ploti hii. Moja ni la Mwingereza, la miaka ya hamsini, alilonunua kwa mlowezi aliyerudi kwao baada ya uhuru. La pili ni la Mjapani, la juzijuzi tu. Wanaume huyalinganisha kwa injini. Mimi ni fundi wa viti, nayalinganisha pale makalio yanapotua.

La Mjapani lina viti vya plastiki nyeusi, sponji ndani, mshono wa mashine ulionyooka mwanzo hadi mwisho. Huwezi kujua aliushona nani. Mvua ikiingia unapangusa, basi. La Mwingereza lilikuwa na ngozi iliyopasukapasuka, inayonuka tumbaku, na ndani nywele za farasi. Mshono wake wa mkono ulipinda kidogo upande wa dereva, kana kwamba fundi aliitwa kula kabla hajamaliza. Nilimpenda fundi huyo. Pia nilitaka kumshinda.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mzee aliniambia waziwazi, "Mama Mwende, hiyo ya Mwingereza usitoe ngozi. Shona tu pale imeachana." Nami nikaivua yote. Nikavisha ngozi mpya, kwa mishono mizuri kuliko yote niliyowahi kushona. Ile kuukuu nikampa Mutua, fundi viatu wa Kibera. Nilijiambia Mzee akiona kazi yangu atasahau alichosema.

Leo amekuja. Amekalia viti vya Mjapani, nilivyoviziba palipochanika kwa plastiki ileile, akanisifu. La Mwingereza nilikuwa nimelifunika turubai, hakulifunua. Akasema kesho saa nne analeta mtu anayekusanya magari ya zamani, na anachokitaka mtu huyo ni viti ambavyo havijabadilishwa tangu vitoke kiwandani. Nikaitikia kwa kichwa.

Banda hili alinipa yeye, wakati hakuna aliyetaka mwanamke aguse gari lake. Akinifukuza, narudi kutembeza sukuma wiki milangoni mwa watu.

Alipoondoka nilikwenda Kibera mbio, nikachafuka matope mpaka magotini. Mutua alikuwa ameshakata kanda za sandali, jozi mbili, na zimeshauzwa.

"Si ulisema ni takataka?" akaniuliza.

Nilisema hivyo kweli. Naona aibu hata kuliandika.

Amenirudishia iliyobaki. Ya mgongo wa kiti cha dereva ina tundu katikati, upana wa kiganja changu. Nimeanza kufumua ngozi mpya ili nirudishe kuukuu, na kila uzi ninaoukata unaniuma. Ningeweza kuziba tundu kwa ngozi ya rangi ileile, nikaisugua tumbaku, labda wasijue. Nimelifikiria hilo njia nzima kutoka Kibera. Kwenda nyumbani kwa Mzee kumweleza sasa hivi, ujasiri huo sina.

Kwa hiyo kiraka nimekikata kwenye baki la plastiki nyeusi ya Mjapani. Kitaonekana tangu mlangoni, nami nitakosa nafasi ya kunyamaza.

Saa nne. Ee Mungu, Mzee atangulie kufika peke yake.