Maji Niliyoyabeba Hadi Ziwani

Baba yangu mpendwa,

Ni mimi Mwende wako, huku ugenini ambako baridi imeanza kuuma ingawa wenyewe wanasema bado ni majira ya joto. Mimi ni mzima. Wewe je? Goti limepoa? Mama ameniambia mbaazi zimeshika vizuri na kwamba unawafukuza ngedere mwenyewe kwa manati, mtu wa umri wako! Ameniambia pia kwamba kile kidude cha sikio nilichokutumia kimekaa kabatini ndani ya soksi, eti kinapiga kelele. Basi, Baba, kama simu huisikii na kidude hukitaki, itabidi usome. Wewe ndiwe uliyetufundisha kuandika barua darasani, ukatukata alama kwa kusahau koma. Leo kalamu yako nyekundu iweke mbali.

Nina jambo la kukuambia, na ni zito. Lakini nianze na safari, maana ndiyo iliyolitoa.

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna mpishi anaitwa Dona, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye miguu ya mbuzi. Kila mwaka hupanda mlima na hema mgongoni, akavue samaki kwenye ziwa lililo juu kabisa, mahali alipozoea kwenda na marehemu mumewe. Mwaka huu akaniomba nimsindikize. Nikakubali kabla sijauliza ni mbali kiasi gani.

Tulitembea tangu asubuhi hadi alasiri, kupanda tu. Mkoba ulinivuta mabega mpaka nikaanza kumwomba Mungu kwa Kikamba. Tulipofika, Dona alitaka kujua kwa nini mzigo wangu ni mzito kuliko wake. Akaufungua, akakuta chupa tano kubwa za maji. Alikaa chini kwa kicheko.

"Mwende, umebeba maji ukayaleta ziwani?"

Nikamwambia kwetu mtu hatoki nyumbani bila maji. Angeishi Kathonzweni mwezi wa tisa angenielewa. Lakini nilipogeuka nikaliona lile ziwa, chupa zangu zilinitia aibu. Maji ya theluji iliyoyeyuka, safi mpaka unahesabu mawe chini, na hakuna mtungi hata mmoja kwenye foleni wala punda. Nikuambie ukweli, nilikasirika kidogo. Maji yote hayo yamekaa tu.

Samaki wa kule wanaitwa trauti, wana madoadoa mgongoni. Kwenye ndoana hawaweki nyungunyungu. Wanafunga vinyoya vifanane na nzi, halafu unarusha kamba ndefu polepole, kama mtu anayechapa ng'ombe bila kutaka kumuumiza. Mara mbili nilinasa kofia ya Dona. Siku ya pili asubuhi nikapata samaki. Alikuwa mdogo, na Dona wadogo huwarudisha majini. Akanionyesha: lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humchubua, kisha mshike taratibu ndani ya maji mpaka apate pumzi.

Nikamshika. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika. Hapo ndipo nilipoanza kulia, Baba, kwa sababu midomo kama hiyo nilishaiona, mingi sana, kwenye tope la bwawa lako.

Bwawa unalikumbuka. Ulilichimba ulipostaafu ualimu, ukatandika nailoni, ukaleta vifaranga vya samaki kwenye ndoo, na kijiji kizima kikasema mwalimu anafuga nyoka. Aliyecheka kuliko wote ni ndugu yako, Baba Mdogo Musau, pale ng'ambo ya ua: "Mwalimu, hao nyoka wako wakitoka wasikuje kwangu!" Kwa hiyo asubuhi ile ulipokuta bwawa tupu, samaki wamelala topeni, na maji yote yameingia kwenye miche yake ya machungwa, hukuuliza mtu. Ulimwita mwizi mbele ya watoto wake. Miaka kumi na moja sasa, watu wa tumbo moja, mnapishana njiani kila mmoja akitazama upande wake.

Ni mimi, Baba. Si yeye.

Jioni ile ulikuwa umeenda Tawa kwa matanga. Maji ya kuoshea vyombo yaliisha, nami sikutaka kushuka mpaka mtoni nikafukue mchanga na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Nikafungua bomba la chini la bwawa, lile ulilotukataza tusiliguse, nijaze mtungi mmoja tu. Kabla haujajaa, mbuzi wakaingia kwenye kunde. Nikakimbia kuwatoa. Niliporudi mtungi ulikuwa unafurika, sufuria inaungua jikoni, nikabeba mtungi mbio na bomba nikaliacha wazi.

Nilikumbuka alfajiri. Nilikimbia nikalifunga, lakini hapakuwa na maji ya kuzuia tena. Nilipoinua macho, Baba Mdogo alikuwa amesimama ng'ambo ya ua na jembe begani, ananitazama. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye bomba. "Enda nyumbani, Mwende," akaniambia kwa sauti ya chini. "Enda tu." Baadaye ulipokuwa ukimfokea, mimi nilijificha jikoni nikisubiri ataje jina langu. Hakulitaja. Alikungoja unyamaze, akasema, "Mwalimu, umemaliza?"

Ulikuwa karibu kuuza ng'ombe ili nikasomee uuguzi. Niliogopa utabadilisha nia. Nikajiambia nitasema nikimaliza masomo, kisha nikipata kazi, kisha nikija likizo. Siku naondoka kuja huku, alinisubiri kwenye kona ya barabara kwa sababu bomani kwako hakanyagi. Akanipa machungwa matatu yaliyofungwa kwa gazeti. "Ni ya ile miche," akasema, akacheka. Nilibubujikwa na machozi mpaka uwanja wa ndege, na wewe ukadhani ninalilia nyumbani.

Haya yote nilimsimulia Dona huku tukikaanga samaki wawili wakubwa aliowapata yeye. Aliniuliza swali moja tu: "Na hao wazee, wote wawili bado wapo?" Nikasema wapo. Akanijazia sahani.

Ndiyo maana nimeandika. Dada Mumbua ananiambia macho ya Baba Mdogo yameingia ukungu, siku hizi anapapasa ua akienda shambani. Lakini hatua zako anazijua. Mumbua anasema ukipita, husimama na kukusalimia. Kila siku, Baba. Wewe unatazama kwingine, na kusikia husikii.

Nikasirikie mimi, nastahili. Na kama moyo utachukua muda kunisamehe, nitangoja.

Mpe Mama pole za kazi, na umwambie kitenge nilichomwahidi kipo. Dada Mumbua na shemeji nawasalimu sana. Susu, mama yake Mama, mwambie mjukuu wake anakula samaki siku hizi na bado hajageuka nyoka. Mama Nduku, mke wa Baba Mdogo, mwambie sijamsahau kwa muthokoi wake, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe.

Baba Mdogo mwenyewe simtumii salamu. Nataka umpelekee barua hii. Pitia langoni kwake, usisimame ng'ambo ya ua. Kuisoma hawezi tena, kwa hiyo msomee wewe, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukitusomea darasani, tangu mwanzo mpaka hapa. Na kabla hujatoka nyumbani, kitoe kile kidude kwenye soksi ukivae. Kitapiga kelele, vumilia. Atakachokuambia nataka ukisikie.

Binti yako anayekupenda,
Mwende