Alumini ya Mguu wa Kambale

Lubumbashi, Naviundu

Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu miguu yako inayovimba, halafu nyumba nzima ya Butembo. Je, ile dawa ya presha unaimeza au unawawekea wageni? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa hasira, na nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungeanza kulia kabla sijamaliza.

Ni habari ya Kambale. Unajua nilimwita mdogo wangu huku kwa ajili ya mguu. Baada ya ile ajali ya lori alikatwa chini ya goti, na daktari alisema goti likiwepo, mtu anatembea vizuri. Karakana yetu ilikuwa inatengeneza mguu wa bandia wa majaribio, na mimi ndiye niko kwenye tour, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Nikasema kifundo cha mguu huo nitakichonga mwenyewe na ndugu yangu atakivaa.

Mama, alumini si ya aina moja. Tulikuwa na mbili. Ya kwanza tunaiita soixante-et-un, yaani sitini na moja: ni laini kidogo, ikizidiwa inapinda, na inakubali kuchomewa. Ya pili ni septante-cinq, sabini na tano: ina nguvu sana, inachongeka vizuri, inang'aa. Injinia wetu, Papa Ilunga, alichagua ya pili kwa sababu Kambale ni mzito. Hakukosea. Ila alituonya tusiiguse na moto wa soudure, ule wa kuchomea vyuma, itapasuka ndani.

Akasafiri kwenda Kolwezi. Mwenzangu akatoboa tundu moja kando ya alama. Kipande cha septante-cinq kilikuwa hicho hicho tu, na wageni wa kuja kuutazama mguu walikuwa njiani. Sasa hapa Lubumbashi kila kitu kinachomewa: bampa, geti, sufuria, hata kitanda cha hospitali. Patron, mwenye karakana, akamwita mchomeaji.

"Patron, injinia alikataza," nikasema.

"Masika, weye njo injinia sasa? Bajaze ile tundu, weye utoboe ingine, upolishe. Bageni habataona kitu."

Kweli hawakuona kitu. Nikamwendea Kambale, nikamwambia yote, nikamsihi asubiri. Unajua alinijibu nini?

"Yaya, dada yangu, miye nimechoka kurukaruka sawa kuku. Kama inavunjika, nitaanguka. Kuanguka nilishazoea."

Alitembea, Mama. Alivuka ua wa karakana bila fimbo, akicheka, wageni wakipiga makofi na kumpiga picha. Alipogeuka ili arudi, kifundo kikakatika pale pale kwenye soudure, bila hata kupinda kwanza. Akaangukia kigutu chake juu ya ukingo wa saruji. Niliusikia mfupa.

Na Patron akasema nini, mtoto wako akiwa bado chini? "Njo maana tunafanya prototype. Ya kwanza iko ya kuvunjika." Mgeni mmoja akacheka! Ningekuwa na nyundo mkononi, leo ungeletewa habari nyingine kabisa.

Kidonda kilioza. Hospitali wakasema goti haliwezi kubaki. Wiki iliyopita wamelikata.

Papa Ilunga amerudi, akalia mbele yetu sote, kisha akachora upya kifundo, kinene zaidi, cha soixante-et-un. Nimekichonga mimi. Tumekijaribu, kimepinda kidogo, hakikuvunjika. Mguu huo unafaa mtu mwenye goti, kwa hiyo amepewa mlinzi mmoja wa mtaa wa Hewa Bora. Kambale aliniuliza, "Anatembea muzuri?" Nikamwambia ndiyo. Akageukia ukutani, tangu hapo hasemi nami.

Msalimie mdogo wangu Kavira na mume wake dereva, umsalimie na baba mdogo, mwimbishaji wa kanisa, nao wamwombee Kambale. Na shangazi Katungu, fundi wetu wa cherehani, mwambie ile suruali ya Kambale aliyoanza kuipunguza asiimalize bado. Nitamletea kipimo kipya.

Ni mimi mtoto wako, mwenye mikono yenye mafuta na uchungu mwingi,

Masika