Inua Dole

Mjomba Saidi,

Kesho asubuhi wananipasua goti, na mie naogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Ungekuwa hai ningekuja kwako Mbagala, nikae kwenye kigoda cha uani, na wewe ungesema, "Haya, tema." Sasa natemea karatasi. Niliishia darasa la tano, unajua, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Tangu tukuzike, godauni pale Kurasini ni lile lile na ubao wa kupakulia ni ule ule. Ila hakuna anayesimama chini ya ubao na kutupigia kelele, "Inua dole!" Siku yangu ya kwanza, nimetoka Newala juzi yake, uliniambia kuli mwenye gunia kichwani haoni miguu yake. Dole gumba liinuke kwanza, mguu ufuate, la sivyo ncha itakwaa. Nilidhani unanitania. Mtu mzima anafundishwaje kuinua dole?

Mjomba, dole langu la mguu wa kulia haliinuki.

Ubao ulikuwa umelowa mvua. Niliteleza, mguu ukanasa kati ya ubao na lori, mwili ukaenda upande mwingine. Goti lilitoka. Nililiona kwa macho limepinda pembeni, kisha likarudi lenyewe. Bakari na makuli wenzake wakanibeba. Kwenye zahanati walipiga picha, wakasema mfupa haukuvunjika, wakanifunga bandeji. Goti liliuma hadi sikukumbuka kama nina unyayo. Siku kadhaa baadaye ndipo nikaona mguu unaning'inia kuanzia kwenye kifundo, kama kitambaa kilicholowa. Ukinigusa juu ya vidole, ni kama umemgusa mtu mwingine.

Sikumwambia mtu. Unajua kuli akisema mguu wake umekufa, asubuhi jina lake haliitwi. Uvimbe ulipopungua nikatoboa ncha ya kiatu, nikapitisha uzi wa kushonea magunia, nikaufunga chini ya goti. Suruali ikaficha. Nikarudi kazini goti linacheza, nanyanyua paja juu kila hatua ili ncha isiburuze. Bakari akapiga kelele, "Oya, mcheki Mmakonde, anatembea kama jogoo kwenye tope!" Nikacheka nao.

Siku ya tatu uzi ulikatika, nami niko katikati ya ubao. Ncha ikakwaa. Gunia likaondoka kichwani, likampitia Bakari kwenye bega. Kwenye bega, Mjomba. Angekuwa ameinama kidogo tu... Alisimama akinitazama. Hakunitania tena. Na mie bado nilisema, "Nimeteleza, braza."

Jumapili nikaenda kumjulia hali mkeo, Mama Zuhura. Nikavua viatu getini, nikavuka ua, nikamwamkia, nikakaa mkekani. Akatazama sakafu aliyotoka kuideki. "Mwanangu, umechinja kuku njiani?" Kulikuwa na matone ya damu tangu getini. Vidole vyangu vilikuwa vimekwaruzwa na saruji hadi nyama inaonekana, na mie sikuwa na habari. Nikataka kutunga uongo, nikashindwa. Nililia mbele yake kama mtoto.

Kesho yake akanipeleka hospitali kubwa. Daktari ni dada mdogo kuliko mie. Kwanza alipapasa mapigo ya damu mguuni, akasema nina bahati, goti likitoka namna hiyo mtu anaweza kupoteza mguu wote. Akanigusa kwa pamba nikiwa nimefumba macho. Halafu akasema, "Inua dole."

Maneno yako yale yale. Nikajitahidi hadi jasho likanitoka. Mama Zuhura akageukia ukutani.

Alinichorea. Kano zinazoshika goti, mbili zimekatika. Na kuna mshipa wa fahamu unaozunguka nje ya goti, juu ya kile kimfupa chembamba, ndio unaopeleka amri kwa dole. Goti lilipotoka, mshipa ulivutwa. Kesho watatengeneza kano na kuutafuta huo mshipa. Kama umebanwa na kovu, wataufungua. Kama umekatika, watachukua kipande cha mshipa mwingine nyuma ya muundi, waunganishe. Mguu ukikataa hata baada ya hapo, siku za mbele wanaweza kuhamisha msuli ulio mzima wa upande wa ndani wa mguu huo huo, uje kuvuta mbele. Alipogonga kwa kidole pembeni ya goti, nilihisi kama shoti ya umeme ikishuka kidogo. Alisema hiyo ni dalili, si ahadi. Na kwamba nimechelewa, ila si sana. Alipoona tundu kwenye kiatu changu alicheka: "Kaka, kifaa chetu ulishakibuni!" Akanipa cha plastiki, cha kushikilia unyayo usining'inie.

Kwenye fomu walitaka ndugu wa mgonjwa. Mama Zuhura akaandika "mama". Mama yangu Newala anajua goti limeteguka tu.

Kisu hakinitishi, nitakuwa nimelala. Ninachoogopa ni miezi inayofuata. Kila asubuhi kufunua shuka na kuliamrisha dole, nalo kimya. Wamesema mshipa unaota polepole sana. Sijui mtu anaishije akisubiri kidole.

Ahadi yangu ni hii. Sitakanyaga ubao ule hadi dole liinuke bila uzi. Nikiulizwa kama nahisi, nitasema ninachohisi, hata kama jina langu halitaitwa tena. Nikitoka hapa, wa kwanza kumwambia ukweli ni Bakari. Na dole likikataa kabisa, nitasimama chini ya ubao pale ulipokuwa ukisimama, nipige kelele hadi wanichoke.

Lala salama, Mjomba. Nimelijaribu tena sasa hivi kabla ya kufunga barua. Bado.

Wako,
Hamisi