Namba za Damu ya Bundi

Jumatatu, 4 Machi 2019

Bundi amelazwa mjini Meru, chumba cha wagonjwa mahututi. Jembe lilimkata mguu akivuna viazi, akaufunga kwa gunia kuukuu — mjinga! Sasa sumu imeingia kwa damu. Mimi na yeye tulitahiriwa siku moja. Wengine wote wa siku ile wako chini ya udongo. Aliahidi atanizika. Asinidanganye.

Mwanawe Mwirigi, mwalimu mkuu, ametuma kwa simu za ukoo wote: wamepima kitu kwa damu kinaitwa lakteti. Baba ana 8.4. Tuombe.

8.4! Shuleni Bundi hakuwahi kupita tatu.

Jumanne, 5 Machi

6.2. Mwirigi anasema baba anashuka. Mwalimu ni mwalimu — kwake kinachoshuka kimefeli. Ati daktari alimuuliza kama ameelewa. Mwalimu mkuu mzima aseme hajaelewa? Kathambi, mke wa Bundi, amekataa hata uji.

Jumatano, 6 Machi

3.9. Kamati ya mazishi imekaa! Mwirigi mwenyekiti. Saa nzima wamebishana kama picha ya marehemu iwe na kofia. Marehemu bado anapumua.

Nikaenda hospitali. Muuguzi ni Kiende, mjukuu wa dada yangu. Nikamuuliza, huyu mzee amebakisha namba ngapi? Alicheka mpaka akashika ukuta. Huniita Juju, yaani babu.

"Juju, hiyo ni kama moshi wa jiko. Mwili ukikosa hewa, moshi unajaa kwa damu. Ukipungua, moto umeshika. Tunataka ifike chini ya mbili. Si kila kitu, lakini anaenda vizuri. Waambie nyumbani."

Nitawaambia. Acha kwanza wamalize ya kofia.

Alhamisi, 7 Machi

2.8. Wamechimba kaburi! Nyuma ya zizi. Ati Njoka, mchimbaji, Jumamosi ana kazi Ruiri, na mvua iko karibu. Nikamwambia Mwirigi, baba yako akirudi kwa miguu yake utasema shimo ni la nini, la kuhifadhi nyasi za ng'ombe?

"Baba, usicheke. Haya ni mambo ya sayansi."

Nilikuwa karibu kumwambia. Wallahi — hata kama mimi ni Mmethodisti. Kisha akanipa karatasi ya ratiba: niongee dakika tatu kwa niaba ya rika. Bundi aisome hiyo akipona! Nikakunja, nikaweka mfukoni.

Kathambi hajala tangu juzi. Yeye nitamwambia kesho asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimkuta amelala. Sikumwamsha. Leo hakuna namba.

Jumamosi, 9 Machi

7.9.

Mwirigi aliisoma kwa sauti, kama matokeo ya mtihani. Imepanda! Watu wakapiga makofi. Mbuzi akachinjwa. Kathambi amekula sahani mbili za mukimo, kisha akacheza, yule mama mwenye magoti mabovu!

Sasa kaburi lifunikwe, na kwa mila yetu halifunikwi tupu. Wametoa mgomba Kinoru, maana huku kwetu Kibirichia baridi inaua ndizi, wauzike badala ya mtu, kifo kidanganyike. Mwirigi akanipa koleo. "Baba, wewe ndiye rika lake. Tupa udongo wa kwanza."

Nikajitenga kando, nikampigia Kiende. Hakucheka.

"Juju, waambie waje. Waje leo."

Nikasema tumbo linanisumbua. Niko chooni, naandika juu ya magoti, nyuma ya ile karatasi ya dakika tatu. Nje wanaimba. Mwirigi anagonga mlango: "Baba, tunakungoja!" Kathambi naye, mdomo bado umejaa: "Toka, wewe mzee! Bundi akirudi nitamwambia ulijificha!"

Nimejibu nakuja. Hii sasa ni mara ya tatu —